Pipa la Mwalimu Tshimpaka

Jumatatu, 18 Novemba 2002

Mvua tena. Mto Lualaba umekuwa na rangi ya matofali. Treni haifiki tangu vita vifunge njia, mashambani hakuendeki, na mimi, mwalimu wa kemia, leo nimekula sombe, majani matupu ya muhogo, bila chumvi. Nywele za Elodie wangu zimeanza kuwa nyekundu kwa njaa. Mtoto wa miaka tisa! Naandika kwa hasira.

Ila kuna habari. Kankolongo, shefu wa mtaa, anatafuta mtu wa kusafisha maji ya wakimbizi waliotoka Kibombo. Ujira: bakuli la mchele kila siku. Mchele! Nani anafaa kuliko mimi? Eti jirani yetu Mama Aïcha naye ameomba. Hajui hata chaji ni nini.

Jumanne, 19 Novemba

Nimemchungulia Mama Aïcha kupitia ua. Aibu tupu. Anafunga kipande cha shabu, lile jiwe jeupe, kwenye uzi. Anakizungusha ndani ya ndoo mara chache, anakitoa, anakianika kwa matumizi ya kesho. Kisha anakaa kusuka mkeka! Baada ya muda tope liko chini na maji yamekuwa safi. Bahati tu.

Sayansi ni hii. Chembe za udongo zina chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana na hazizami. Shabu ikiyeyuka huleta ayoni zenye chaji chanya. Hizo zinazizingira chembe, ugomvi unaisha, chembe zinashikana na kuzama. Basi ayoni zikiwa nyingi zaidi, kazi inakwenda mbio zaidi! Huyu mama anabania.

Mke wangu Françoise amenishauri nikamuulize kipimo. Nimuulize nani? Mimi mwenye diploma?

Alhamisi, 21 Novemba

Nimebadilisha saa yangu ya harusi kwa kilo nzima ya shabu. Françoise hajui. Jumamosi Kankolongo anatushindanisha mimi na Mama Aïcha: mapipa mawili, mtaa mzima ukitazama. Nimeota mchele.

Jumamosi, 23 Novemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Niliwaeleza watu kuhusu ayoni kwa nusu saa. Nikamwaga kilo yote. Mama Aïcha akazungusha kijiwe chake, akaketi kusuka mkeka. Saa sita tayari ungeweza kuona kutu ndani kabisa ya pipa lake. Langu lilikuwa na tope kama asubuhi. Niliwaambia wasubiri. Wakasubiri. Mzee Onema akachungulia, akasema kwa sauti: “Mwalimu, hii njo maji ao njo maziwa?” Akaonja, akatema. Kali kama ndimu. Wakimbizi wenyewe, wasio na hata sufuria, walinicheka!

Kankolongo amempa yeye kazi. Nauchukia mtaa huu.

Jioni Mama Aïcha ameleta nusu ya mchele wake kwa ajili ya Elodie. Nikamwamuru Françoise aurudishe. Akaniuliza: “Mutoto akule diploma?” Elodie akala. Nami nikala. Ulikuwa mtamu, na hilo ndilo lililoniuma.

Jumapili, 17 Novemba 2024

Miaka ishirini na miwili. Mabomba bado makavu, mto bado mwekundu. Elodie ni mkunga sasa, ana nyumba ndogo ya kujifungulia, na akina mama hutumia maji ya pipa. Nimeomba kazi ya kuyasafisha. Binti yangu mwenyewe amekataa!

Leo amenikalisha akanichorea. Duara la udongo, alama za hasi, kisha ayoni zangu zikilizingira. Ukizidisha, akasema, chembe zote zinageuka kuwa chanya na kuanza kusukumana upya. Ndiyo maana pipa langu lilibaki chafu. Mama Aïcha hakuwa anabania, alikuwa anapima. Akanishika mkono, akasema: “Papa, haiko aibu.” Machozi yalinilenga. Miaka yote hiyo nilidhani ni bahati.

Nimefikiri mchana kutwa, na sasa naliona kosa langu wazi kabisa. Kama kilo moja iligeuza chaji, basi niliishia njiani. Kilo ya pili ingeigeuza tena, irudi ilikotoka!

Nimekwisha agiza kilo tano za shabu. Elodie anakwenda Pangi Jumanne, na ufunguo wa nyumba ya kujifungulia ananiachia mimi.