Baraka za Baba na Sensa Mwoga

Jumanne, 7 Agosti 2007. Kitale.
Mzee Salman amenikabidhi pikapu yake ya spika niitengeneze. Mimi, Wekoye! Si Kipsang, fundi mwenzangu, na kile cheti chake cha ufundi. Mimi niliachia shule darasa la saba, lakini kipaji hakisomewi.

Gari lina betri mbili: moja ya injini, ya pili ya spika. Katikati kuna chaja. Taa ikiwa kijani, betri ya pili inakula. Ikiwa nyekundu, imenyimwa. Sasa ni nyekundu tu.

Jumamosi gari linaenda Myanga, harusi ya dada yangu Sally. Baba amelazwa hapa, kifua, hawezi kusafiri. Baraka zake amezisema kwenye kaseti, sisi wote tukafukuzwa nje akirekodi. Amenishika mkono, ati nihakikishe kila mtu anasikia, hata wale wa nyuma wanaokujia nyama. Nikamwambia hata ng'ombe watasikia.

Jumatano, 8 Agosti.
Aibu! Nimeenda kununua chai, kurudi nikakuta taa ni kijani. Kipsang! Kuna kawaya kenye kichwa cha shaba, kamefungwa kwa betri, kanapima joto lake. Wanakaita sensa. Hicho kichwa kilikuwa na kutu. Kipsang amekipiga msasa kidogo tu, basi. Akanipigapiga bega, ati, "Shukuru baadaye, profesa."

Mtu hawezi kuokoa harusi ya dada yangu kwa kipande cha msasa. Lazima niboreshe.

Alhamisi, 9 Agosti.
Nimepata! Betri inakaa nyuma ya bodi, kwa upepo, na hii baridi ya Kitale. Nani hajui kwamba mawe ya redio yakiisha unayaanika juu ya mabati, na yanapata nguvu? Betri ni jiwe la redio lililonenepa. Nimeihamishia kando ya bomba la moshi, iote vizuri.

Nikawasha injini, tukanguruma kidogo. Taa nyekundu!

Kipsang amecheka mpaka akakalia tairi. Ati betri imeshika joto, sensa imeambia chaja iache, nirudishe kitu mahali pake. Nikamwambia hiyo sensa ni mwoga kama yeye.

Ijumaa, 10 Agosti.
Mzee Salman alipoenda msikitini, nikabaki peke yangu na gari. Spana moja tu. Nimefungua sensa kwa betri, nikaifunga kwa kitambaa kilicholowa ihisi baridi tu, nikaificha nyuma ya kiti. Kijani! Kijani kama sukuma!

Mzee aliporudi aliniita fundi. Mbele ya watu. Kipsang ameuliza sensa iko wapi. Nikasema imelala, asiiamshe.

Jumamosi, 11 Agosti. Myanga.
Sijui niandike nini.

Kijani njia yote. Muziki safi, wamama wamecheza mpaka vumbi likapanda. Halafu kaseti. Sauti ya Baba ikajaa boma lote: "Sally, mama, kuna jambo moja nimelibeba tangu mamako atuache..."

Hapo harufu ikaja. Mayai yaliyooza! Watu wote wakamgeukia Mjomba Hiram. Mjomba akaapa kwa Mungu kwamba hata hajala. Nikakimbilia gari. Betri imevimba tumbo, inatoa mvuke, inatema asidi kama nyoka. Sauti ya Baba ikawa nzito, ikavutika, ikafa.

Ningeiacha kaseti hivyo ilivyo! Tungeazima redio ya jirani. Lakini nilishikwa na haraka, nikaivuta kwa nguvu. Utepe ukatoka wote kama matumbo ya kuku, ukakatika vipande vipande.

Sally hakupiga kelele. Aliketi na gauni lake jeupe, akijaribu kuurudisha utepe kwa kalamu. Akaniuliza ni jambo gani. Mimi nitajuaje?

Jumapili, 12 Agosti. Kitale.
Mzee Salman amesema nisiguse gari lake tena, hata kuliosha. Kipsang hakucheka. Afadhali angecheka.

Nimeenda kwa Baba. Akauliza kama walisikia. Nikasema watu walitoa machozi. Si uongo, ile asidi ilichoma macho. Akauliza Sally alijibu nini. Hapo uongo ukaniishia, nikamwambia yote.

Hakunigombeza. Aligeukia ukuta. Nilikaa hapo nikiuangalia mgongo wake, umekonda. Bana, heri angenichapa.

Jumatatu, 13 Agosti.
Baba amesema hataongea na kaseti tena. Atamwambia Sally mwenyewe, macho kwa macho, huko huko Myanga. Lakini Sista Chepkosgei, nesi wa wodi, amekataa. Ati homa iko juu, haruhusiwi kutoka. Baba amemsihi kama mtoto. Wapi!

Nimeketi pale nikachunguza. Kila asubuhi Sista anamwekea kipimo cha kioo kwapani, anaenda kwa kitanda kingine, anarudi, anasoma, anatingisha kichwa. Yaani hiyo homa inasemwa na kioo peke yake! Tatizo si Baba. Tatizo ni kipimo.

Kesho nitakuja na soda baridi ndani ya koti. Sista akigeuka tu, nachomoa kipimo, nakibandika kwa chupa, nakirudisha. Jioni Baba yuko Myanga.

Sijamwambia bado. Atafurahi sana.