Udugu wa Kale Ulioanza Jumatatu

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba 1856, kulikucha na baridi na ukungu mzito juu ya chuo kidogo cha mashariki mwa Ohio. Lucius Babcock wa mwaka wa tatu aliamka na shida moja tu: akishindwa mtihani wa Kigiriki wa Desemba, baba yake angemrudisha nyumbani kulisha nguruwe.

Mezani akamwona Asahel Pruitt, mgeni wa mwaka wa kwanza, akila uji wa mahindi peke yake, akisoma Kigiriki kama barua ya mchumba. Lucius akaketi karibu naye, kisha akaufunika mkono wake mwenyewe kwa leso, haraka, kana kwamba una alama ya siri.

"Umeficha nini, Bwana Babcock?"

"Hujaona kitu, mdogo wangu. Nimekula kiapo."

Adhuhuri Asahel alikuwa amembembeleza mara nne. Lucius akakubali kwa huzuni kubwa, Mungu amsamehe, kufichua siri: upo Udugu wa kale, una matawi vyuoni kote, na kila mgeni humwandikia kiongozi, yaani Lucius, mazoezi yake ya Kigiriki muhula mzima.

Kufikia Novemba wageni tisa, Asahel akiwamo, walikuwa wameingia. Lucius alinenepa.

Lakini Asahel alikuwa mtu wa kuamini kwa bidii. Aliwaandikia binamu zake katika vyuo viwili wawasalimie wanachama wa Udugu wa huko. Wakajibu kwamba hakuna Udugu huko. "Basi anzisheni," akaandika, akawapelekea kanuni.

Wiki moja kabla ya mtihani, wajumbe wanne wa matawi hayo mapya walishuka kwenye treni, beji za fedha vifuani. Wakaingia chumbani kwa Lucius, ambako wale wageni tisa walikuwa wakimwandikia mazoezi, wakampita Lucius, wakamkumbatia Asahel.

"Kiongozi wetu!"

"Kiongozi ni mimi!" Lucius akafoka.

"Wewe ulipokelewa tawi gani, bwana?"

Lucius akahesabu haraka moyoni. Matawi mengine duniani yalikuwa mawili, yote ya Asahel. Kusema ameubuni Udugu mwenyewe, mbele ya wale tisa waliomwandikia mazoezi? Wajumbe wakaanza kucheka.

"Msimcheke," Asahel akasema kwa upole. "Hajapokelewa bado. Tutampokea sasa hivi."

"Na mazoezi yangu?" Lucius akanong'ona.

"Nitakufundisha kila siku baada ya sala. Kuandika, utaandika wewe. Inua mkono, kaka, na useme kwa sauti."

Watu kumi na watatu walikuwa wakimtazama.

"Naahidi mbele yenu nyote," Lucius akasema, "kumtii Ndugu Asahel Pruitt, na kujifunza Kigiriki mimi mwenyewe, kuanzia herufi ya kwanza."