Malalamiko Rasmi Dhidi ya Mkono wa Kushoto wa Mwalimu Mirta

Kwa Don Ariel Machín,
Mwenyekiti, Klabu ya Bocha La Calandria,
Mercedes.

Jumatano, mvua ikinyesha.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na goti lako, na kwamba mvua ya wiki hii haijapenya paa la uwanja. Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo inayoniuma, na ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya kukusimamisha pale kantini, ambako kila jambo zito huishia kwenye mzaha.

Unanifahamu. Mimi ni Rúben Techera, fundi wa friji, na kwa miaka tisa sasa ni mpiga gita la besi wa bendi ya klabu yako, ile inayofanya mazoezi kila Alhamisi kwenye stoo ya ile mipira mizito mnayoiviringisha uwanjani. Ukisikia ukuta unatetemeka, ni mimi. Nakusudia kuendelea kuwa mimi.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi bendi yetu imealikwa mjini Dolores, kwenye sherehe ya klabu ya bocha ya kule, na hii ndiyo mara ya kwanza tangu tuanze kwa watu wasio jamaa zetu kutuita kwa hiari yao. Pikapu ya klabu imekufa injini. Limebaki gari dogo la Fabricio Da Rosa, mpiga solo. Tuko watano: Fabricio, Gladys anayeimba, Tito wa drams (drams zenyewe atazikuta kule), Mwalimu Mirta wa kinanda, na mimi. Tungeenea vizuri kama si amplifaya yangu, ambayo peke yake inachukua kiti kizima. Ndipo Fabricio, mbele ya bendi nzima, akasema: “Tukimwacha Rúben, tunaenea. Mkono wa kushoto wa Mwalimu hauhitaji kiti.”

Watu walicheka. Hata Tito alicheka, na mpiga drams kwa sheria zote za muziki ni ndugu wa damu wa mpiga besi. Naambiwa kamati yako itaamua Ijumaa nani aende na nani abaki. Kabla hujaamua, naomba usome malalamiko yangu kwa utulivu, tena ukiwa umevaa miwani.

1. Kuhusu mipaka. Kinanda cha Mwalimu kina vibonyezo vingi kuliko meno ya mamba. Upande wa kulia peke yake una noti za kumtosha mwanamke mwenye heshima zake hadi uzeeni. Mimi nina nyuzi nne tu, zote za chini. Hata hivyo, kila ninaposhuka kwenye noti yangu nakuta kidole chake cha mwisho kimeshatangulia, kama mtu anayefika kwenye kiti chake kanisani akakuta kimewekwa mkoba wa mwingine. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Zizi ni langu.

2. Utaniuliza kwa nini sijamwambia mwenyewe. Mwenyekiti, yule ndiye aliyenifundisha kusoma darasa la kwanza. Nina miaka hamsini na moja, na mpaka leo akinitazama najihisi sijafanya kazi ya nyumbani. Mwezi wa sita nilijikaza, nikamfuata baada ya mazoezi, nikasema samahani Mwalimu, nina neno kuhusu mkono wako. Akaniuliza kama mimi wangu nimenawa. Nikaenda kunawa, na mazungumzo yakaishia bombani.

3. Nilijaribu kwanza njia za amani, yaani vifaa. Mimi ni mwanachama wa kundi la simu la wapiga besi wa huku kwetu, watu makini ambao hubishana usiku na mchana kama mti wa shingo ya gita unasikika ama hausikiki. Niliwaeleza shida yangu. Pelusa wa Fray Bentos, ambaye hajabadili nyuzi zake tangu ubatizo wa mtoto wake wa kwanza, na mtoto huyo sasa ana ndevu, alisema kosa ni langu kwa kuosha nyuzi: uchafu ndio sauti yenyewe. Olegario wa Young, daktari wa meno, alisema ninahitaji pedali, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadili sauti ya gita. Huyu ana pedali kumi na moja zilizopangwa kwenye ubao wenye taa za buluu, na tunamheshimu sana. Bendi hana.

Kwa ushauri wake nilianza na pedali ya kubana sauti. Nilipoiwasha, hakuna aliyesikia tofauti yoyote, hata mimi. Nilipomlalamikia, Olegario alijibu kwamba huko kutosikika ndiko ubora wake, na kwamba nikishaizoea sitaweza kuishi bila hiyo. Ni kweli. Siwezi, ingawa sijui kwa nini.

Ikafuata pedali ya kukwaruza sauti, ili besi yangu ipenye katikati ya kinanda. Ilipenya. Gladys alidhani spika inaungua, akamwagia maji.

4. Hapo ndipo nilipolazimika kununua pedali ya oktava, ambayo huchukua kila noti na kuishusha ngazi nzima, mahali ambapo kidole cha binadamu hakifiki, hata cha mwalimu mstaafu. Nakiri kwamba Alhamisi ile glasi zilitembea kwenye kabati la kantini. Nakiri pia kwamba ninyi mlikuwa katikati ya fainali dhidi ya Klabu ya Reli, na kwamba mpira wako, uliokuwa umelala salama karibu na ule mdogo wa kulengwa, ulisogea upana wa kidole kabla refa hajapima. Nilikusikia ukilaani upepo ndani ya uwanja uliofunikwa paa. Ndugu Mwenyekiti, haukuwa upepo. Lakini tusimlaumu aliyevuta uzi, tumlaumu aliyemfikisha hapo. Ubingwa wako uliibwa na mkono wa kushoto wa Mwalimu Mirta.

5. Sasa nafika penye kidonda. Mjukuu wa Gladys alipotimiza miaka kumi na tano, tulipiga kwenye sherehe yake, na tulipiga vizuri. Baadaye shangazi mmoja aliyetoka Montevideo, mwenye kofia, alikuja hadi jukwaani, akanipita, akamshika Mwalimu mikono yote miwili, akamwambia kilichomgusa zaidi ni ile sauti inayopanda kutoka sakafuni kupitia viatu. Mwalimu akamshukuru. Mimi nilikuwa hatua moja kutoka kwao nikikunja waya.

Niliumia, Mwenyekiti. Siku nzima nachomelea mabomba ya friji za watu, na wakinishukuru wananishukuru kwa barafu. Sauti ile inayopanda kupitia viatu ndiyo kitu kizuri pekee nilichowahi kutengeneza, na uzuri wake ni kwamba mtu huchezeshwa nayo bila kujua imetoka wapi. Nilikuwa nimeridhika wasijue imetoka wapi. Sikuwa nimeridhika wadhani imetoka kwa mwingine.

6. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukiruhusu mkono mmoja uingie chini, kesho kila mtu ataingia. Tayari friji ya kantini inanguruma noti ambayo haimo katika wimbo wetu wowote, na nasema hivi nikijua kwamba friji hiyo niliitengeneza mimi. Pia, kwa heshima zote, wewe mwenyewe una sauti nzito. Unapoguna katikati ya wimbo wa taratibu, watu hugeuka kuniangalia.

Kutokana na hayo, naiomba kamati iamue yafuatayo.

Kwanza, upakwe mstari mweupe katikati ya kinanda, na mkono wa kushoto usiuvuke isipokuwa kwa kibali cha maandishi. Pili, ili mkono huo usipate kishawishi, Mwalimu apewe kibuyu chake cha chai ya yerba akishike nao muda wote wa muziki. Anakipenda, na kitampa joto. Tatu, iongezwe ibara kwenye katiba ya klabu, mara tu baada ya ile ya namna ya kupima umbali wa mipira, isemayo kwamba noti zote za chini zinazotokea ndani ya ukuta wa klabu ni mali ya mpiga besi, ziwe zimetoka kwa mtu, kwa mashine au kwa ng’ombe wa jirani. Nne, wajumbe wenye sauti nzito waguse kengele badala ya kuguna. Tano, Jumamosi amplifaya yangu ipewe kiti chake, nami changu, na atakayekosa nafasi awe Fabricio, ambaye anaweza kuendesha gari huku akikimbia kando yake, kwa kuwa hupenda kuonekana.

Sidhani kama nimeomba kikubwa. Naomba tu, siku watu wa Dolores watakapoanza kucheza, niwe mimi ninayewachezesha.

Nisalimie mkeo doña Nilda na umwambie mandazi yake ya siku za mvua yanazungumzwa mpaka Fray Bentos. Wasalimie wajumbe wote wa kamati, mtunza uwanja, wazee wa meza ya karata, na hata Klabu ya Reli ukikutana nao, maana wao hawajui walishindaje. Kwa heshima nyingi na masikio yaliyo wazi, nabaki mwanachama wako mtiifu,

Rúben Techera
Mpiga besi

N.B. Imenibidi niifungue tena bahasha. Leo ni Alhamisi, na nimetoka mazoezini sasa hivi.

Jana nilimsomea Gladys barua hii kwenye simu ili anisahihishie lugha. Hilo lilikuwa kosa, kwa kuwa Gladys anaishi ukuta kwa ukuta na Mwalimu. Mwalimu alikuja leo na rangi yake ya mdomo kama kawaida, akanisalimia vizuri, akaketi kwenye kinanda, akamimina maji ya moto kwenye kibuyu, akakishika kwa mkono wa kushoto na kukilaza mapajani. Tito akahesabu, tukaanza ule wimbo wetu wa kumbia wa kufungulia, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu chini kote kulikuwa kwangu.

Mistari miwili ilikwenda. Kisha ikafika mahali wimbo unapopinda, nikatupa jicho nione tunaelekea wapi, nikaona kibuyu. Nilibaki kwenye noti moja. Niliing’ang’ania mpaka Gladys akaacha kuimba. Cha ajabu, Mwalimu naye alikuwa amepotea. Mkono wake wa kulia ulikuwa hewani, haujui pa kutua. Tukaanza upya, tukapotea palepale. Fabricio akauliza kama tumekula kitu kibaya.

“Rúben, mwanangu,” Mwalimu akasema, “mbona unakikodolea macho kibuyu changu?”

Nikamwambia ukweli, kwa sababu kwake sijawahi kuweza kusema kingine. Nikamwambia sikitazami kibuyu, nautafuta mkono. Sijui nyimbo zinapinda wapi. Sijawahi kujua. Miaka tisa nimekuwa nikienda ulikokwenda mkono ule.

“Na mimi nafuata vidole vyako,” Mwalimu akasema. “Macho yangu hayasomi tena zile karatasi. Vidole vyako ni vinene, naviona. Sikutaka mtu ajue.”

Mwenyekiti, nani basi alikuwa anaijua njia miaka yote hiyo, mpaka sasa sijui. Fabricio alikaa juu ya kreti la mipira na hakucheka. Mwalimu alikiweka kibuyu sakafuni. Tulianza tena, yeye akitazama vidole vyangu nami nikitazama mkono wake, na wimbo ukapinda pale unapopaswa kupinda. Nilipofuta uso, Tito alidhani ni jasho.

Kwa hiyo nakuomba ufute namba zote hapo juu, na maombi yote. Amplifaya itabaki nyumbani, pamoja na pedali. Nitachomeka besi kwenye tundu la pili la spika ndogo ya Mwalimu, na gita nitalipakata. Tumejaribu kukaa kwenye gari, tumeenea wote watano. Olegario nimeshamwarifu, na amesema ataniombea.

Ombi langu limebaki moja. Ukiwapigia simu watu wa Dolores, waambie mpiga besi atasimama kushoto kwa kinanda, karibu kabisa, na kwamba taa wasizielekeze kwenye nyuso zetu. Wazielekeze mikononi mwetu, ili tuonane.