Krismasi ya Vitu vya Bure

Jumanne, 9 Desemba

Theluji imeanza mchana na haijakoma. Nimekaa dirishani na kahawa yangu nikiitazama ikishuka bila haraka. Nikaona wazi kabisa, kama ninavyoiona mikono yangu, sebule hii imejaa matawi ya msonobari, nyota zinaning'inia, mishumaa kila pembe, na Solveig amesimama mlangoni anasema lo! Kahawa ikapoa. Sikujali.

Chanzo cha ndoto hiyo ni simu ya huyo huyo Solveig, binti yangu. Anakuja Jumapili ya tarehe 21 pamoja na mchumba wake Rudy, kijana wa Texas. Nikamuuliza, na mkesha wa Krismasi je? Akasita. Tangu niachane na mama yake, kila mkesha yuko kwa Joyce na mume wake mpya, Duane. Mimi huletewa kiporo keshokutwa yake. Akasema nisimwelewe vibaya, lakini nyumba yangu haina Krismasi. Mwaka jana tulikula mbele ya mti wa plastiki wenye kimo cha chupa. Basi watakuja Jumapili waone, halafu ndiyo waamue mkesha wawe wapi. Tutaona baba, alisema.

Tutaona! Nimemlea mtoto huyu, naijua tutaona yake. Ni mlango ulioachwa wazi kidogo.

Mpango: nitapamba nyumba nzima kwa vitu vya bure. Duane hununua. Mimi nitaumba.

Alhamisi, 11 Desemba

Machungwa. Unayakata vipande vyembamba, unayaweka kwenye oveni kwa moto mdogo, yanakauka hadi mwanga unapenya kama kwenye vioo vya kanisani. Unayatunga kwenye uzi. Kazi ya mtoto!

Niliyaweka, nikaketi kidogo kuyasubiri. Nje kulikuwa kweupe na kimya. Nikamwona Solveig ana miaka sita, kofia nyekundu, kichwa nyuma, ulimi nje, anakinga theluji na kulalamika kwamba haina ladha. Nilikuwa namjibu kwamba ya juu kabisa ndiyo tamu. Niliposhtuka, jikoni hakukuonekana kitu kwa moshi.

Verna Lund wa nyumba ya pili alikuja mbio na koleo lake la theluji mkononi, akidhani nateketea. Alipoyaona machungwa akauliza kama nimeanza biashara ya makaa. Nikamjibu kwamba huo ndio mtindo wa sasa. Akasema naam, hata kuzimu wanapamba hivyo hivyo, akaenda zake. Mwanamke yule ana ulimi!

Nimeyatunga yalivyo. Ukifumba jicho moja, yana uzuri fulani wa huzuni.

Jumamosi, 13 Desemba

Maua ya barafu kwenye madirisha! Unachemsha bia na chumvi ya kulowekea miguu, unapaka kwenye kioo, inakauka na kuota maua meupe kama yale ya baridi yenyewe. Bia ninayo. Chumvi ninayo. Nani kasema mimi ni maskini?

Nimepaka madirisha yote ya mbele. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Nilipomaliza nikarudi nyuma nitazame, nikashangaa maua yameota hata pale ambapo sikupaka. Kumbe ni barafu halisi. Huwa naiweka hita chini sana, kwa hiyo kioo kinaganda kwa ndani. Asubuhi nzima nimepaka barafu juu ya barafu. Sasa siwezi kutenganisha yangu na ya Mungu. Nimeamua kulichukulia hilo kama sifa.

Sebule inanuka baa kidogo.

Jumatatu, 15 Desemba

Duane amekuja. Ana maboksi matatu ya taa kwenye gari. Anasema zimemzidi, kwake hamna pa kuzitundika tena, na kweli hamna. Nyumba yake inaonekana toka barabara kuu. Kuna mnyama paa wa taa anayetikisa kichwa, na nyimbo zinapigwa toka kwenye miti. Watu huja na watoto wao na kuegesha magari.

Alisema chukua tu, Arlen, ndugu yangu, sisi ni familia. Tena anasema hivyo kwa moyo! Angekuwa na majivuno ningejua la kumfanya. Lakini mtu mwema utamshika wapi? Nikamwambia asante, mimi natumia mwanga wa asili. Akaangalia saa. Ilikuwa saa kumi na nusu, na huku kwetu Desemba jua lilishazama. Akanipiga bega, akayarudisha maboksi garini, kisha akasafisha njia yangu ya mbele kwa ile mashine yake ya theluji bila kuombwa.

Simpendi.

Jumatano, 17 Desemba

Nyota za karatasi za mifuko ya sukari. Arobaini kasoro moja. Zinazunguka zenyewe kila upepo unapopenya kwenye mlango, na unapenya sana. Nimelala chini sakafuni kuzitazama. Zinazunguka taratibu, zote upande mmoja, kisha zinatulia kama zimesikia kitu. Nimelala pale hadi mgongo ukafa ganzi. Nilikuwa na furaha, naandika bila aibu.

Kinachokosekana ni msitu wenyewe. Matawi mabichi! Harufu! Krismasi bila harufu ya msonobari ni picha ya chakula. Dukani wanauza matawi yaliyofungwa kama mboga. Kununua tawi, katika mji uliozungukwa na miti! Wapi.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimepata! Na bure!

Leo timu ya shule ilicheza magongo ya barafuni na mji mzima ulikwenda kutazama, hata Verna. Nikachukua msumeno na kile kigari cha kuburuza cha Solveig cha utotoni, nikaenda bustani ya mji. Misonobari imepangwa pale kama maaskari, mibichi, mizito kwa theluji, haina wa kuitumia. Kukata mti mzima ni wizi. Nimekata tawi moja moja kwa kila mti ili pasiwe na mti ulioonewa. Nimeipitia yote.

Kuna kibao pale. Kinasema miti hii imenyunyiziwa mkojo wa mbweha kwa sababu ya wezi wa Krismasi, na kwamba kwenye baridi hautanuka ila ndani ya nyumba utanuka. Nilicheka peke yangu. Halmashauri hii imeshindwa kuziba mashimo ya barabara yetu, itawapata wapi mbweha wa kutosha, na nani wa kuwakojolesha? Ni vitisho vya watoto. Hata hivyo mimi si mjinga, nilinusa. Nilinusa kila tawi, na baridi ile ya kukausha matundu ya pua. Hakuna kitu. Usafi mtupu.

Yamelala kibarazani kwenye baridi yasinyauke. Kesho asubuhi nitayaingiza. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Jumapili, 21 Desemba

Sijui nianzie wapi.

Nianzie kwenye uzuri, maana uzuri ulikuwepo. Nilipanga matawi juu ya milango, kwenye ngazi, kuzunguka madirisha, katikati ya meza, hata juu ya choo. Nikawasha mishumaa. Solveig akafungua mlango, akasimama. Hakusema lo. Aliweka mkono kifuani na kusema kwa sauti ndogo, baba, umefanya haya yote wewe? Basi. Nilichokiota dirishani ndicho hicho, ila huu mkono kifuani sikuwa nimeuota, na ulizidi. Rudy alisifu hata machungwa. Alidhani ni uyoga.

Lakini Rudy ni mtu wa Texas, kwenye joto. Alikuwa amevaa koti, juu ya koti blanketi la garini, na meno yanagongana. Nikaona huruma. Nikafanya jambo ambalo sijalifanya tangu niingie nyumba hii: nikazungusha hita hadi mwisho.

Tukaanza kula chapati za viazi na siagi. Kwanza Solveig akauliza kama nina paka siku hizi. Nikasema sina. Kisha Rudy akaanza kukwepesha macho, kama mgeni mwenye adabu anayedhani ni mwenyeji aliyechafua hewa. Mimi nilidhani ni Rudy. Joto likapanda. Kisha ikaja yote pamoja, toka milangoni, toka ngazini, toka mezani mbele yetu, harufu ya kutoa machozi, kama mbweha wote wa jimbo wamekutana kwangu wakafanya mkutano mrefu usio na mapumziko. Rudy alitoka nje na sahani yake. Ajabu ni kwamba baridi haikumsumbua tena.

Solveig alijua mara moja. Kila mtu mjini anajua. Akauliza, baba, ni ya bustanini? Si kuna kibao? Nikasema nilinusa. Akasema ulinusa kwenye baridi, baba! Hakucheka. Ningependa angecheka. Alivaa koti huku anatazama nyota zangu, akasema basi mkesha watakuwa kwa mama, na kwamba hajakasirika, amechoka tu.

Nimekaa kibarazani tangu walipoondoka. Imeniuma. Haikuniuma harufu, kumeniuma kule kuchoka kwake.

Jumanne, 23 Desemba

Madirisha wazi yote. Nalala na kofia na buti. Matawi nimeyatupa nje lakini harufu imekataa kuyafuata.

Duane alikuja na siki na feni mbili. Alifuta kuta na mimi bila kusema neno la mzaha, ingawa mara mbili nilimwona mabega yanatikisika. Akasema njoo kesho kwetu, Arlen, Joyce kakubali, kiti kipo. Nikasema nina shughuli. Akatazama feni zinavyovuma sebuleni, akasema sawa, basi nije nikimaliza shughuli.

Verna amenisalimia kwa mbali, kitambaa puani. Aliuliza mbweha hajambo.

Jumatano, 24 Desemba

Mkesha. Sikwenda. Mtu ana heshima yake, hata ikiwa inanuka.

Nilikuwa kibarazani nimejifunika blanketi, nasikia nyimbo za Duane kwa mbali. Theluji ilikuwa inashuka tena, ile ya chembe kubwa isiyokuwa na upepo. Nikaanza kuelea ndotoni kama kawaida yangu, nikamwona Solveig anapanda njia akiwa na chungu mikononi. Niliendelea kumtazama kwa raha. Ndoto ikaniambia sogea basi baba, kitu kizito hiki.

Alikuwa yeye. Kweli yeye! Aliacha meza ya Joyce katikati ya chakula.

Tukakaa wawili, makoti hadi masikioni, tukila viazi na nyama kwa vijiko viwili kutoka chungu kimoja. Nikamwomba radhi. Hapo ndipo alipocheka. Alicheka hadi akalala juu ya bega langu, akasema Rudy amewasimulia watu wote pale, na kwamba sasa anasema familia hii ndiyo yake, haondoki. Kisha akaacha kucheka. Akasema kila mwaka alikuwa anangoja nimwambie njoo. Sijawahi kumwambia njoo. Huwa namuuliza tu anakwenda wapi. Akasema angekuja kula mayai kwenye nyumba tupu, angekuja hata kwenye sakafu tupu. Matawi ya nini, baba?

Nikamwambia njoo. Njoo mwaka mpya. Nilisema mara mbili ili nisikosee.

Akasema watakuja tarehe 31 mchana. Lakini akanishika mkono na kuniapisha: washa hita kwa ajili ya Rudy, kaanga mayai, usipambe chochote. Nikaapa. Nimeapa kwa moyo wote, na theluji ni shahidi.

Jumatano, 31 Desemba

Nyumba safi. Harufu imebaki kidogo tu chooni. Mayai yapo. Nimeketi katika sebule tupu, na utupu wenyewe ni mzuri, mweupe, unatulia. Solveig alikuwa na haki. Mtoto mwenye busara, sijui kamfuata nani.

Asubuhi nilikwenda kutembea hadi kinamasini, kunyoosha miguu tu. Kumeganda kote. Na pale ukingoni, juu ya barafu, yamesimama yale magugu marefu yenye vichwa vya kahawia, laini kama mahameli, vinene kama soseji, mamia yao yakiyumba kimya. Nilisimama sijui muda gani. Si matawi. Hayana mwenyewe, hayana kibao. Nimenusa, tena safari hii nimeyaingiza jikoni kwanza nikanusa kwenye joto. Hayana harufu yoyote! Mtu hujifunza.

Niliapa kutopamba. Lakini kuweka maua kwenye chombo si kupamba, ni adabu kwa wageni. Na vyombo viwili, vitatu, ndoo na lile pipa la nguo chafu, vyote ni vyombo.

Verna amegonga dirisha kunieleza kwamba vichwa hivyo vikipata joto hupasuka, na kimoja tu kinatosha kujaza chumba sufi hadi dari. Wivu ni ugonjwa, nilimwambia. Nimevipanga vyote juu ya hita, ambako vinaonekana vizuri zaidi toka mlangoni, na nimeizungusha hadi mwisho.

Gari linaingia. Namwona Solveig anashuka. Anatabasamu.