Friji Lisilougua

Nyanungu,
Tarime.

Kwa Ndugu Faustine,
Mwenye Duka la Friji na Redio,
Tarime Mjini.

Ndugu Faustine,

YAH: FRIJI ULILONIUZIA KUKATAA KUHARIBIKA

Pokea salamu zangu za heshima, wewe na wote mnaoshinda hapo dukani. Huku kwetu ng'ombe ni wazima, mahindi yanakwenda vizuri, na mimi si mzima kwa sababu nitakazozieleza. Nimepiga simu dukani mara nyingi. Binti yako wa mauzo, Specioza, ana adabu sana, ila kila nikimwambia friji lina tatizo ananiuliza kama haligandishi. Nikimjibu kwamba linagandisha mno, anacheka na kusema basi mzee hakuna tatizo. Ndiyo maana nimeshika kalamu, maana barua huwezi kuikata katikati ukasema mtandao umesumbua.

Utanikumbuka. Mimi ndiye niliyekuja na Nelson, yule mrefu mwenye fimbo, tuliyetahiriwa naye rika moja. Ulituambia friji huchaguliwa kwa kusoma karatasi iliyobandikwa mlangoni. Tukakuomba karatasi uiweke kando kwanza, maana hata mnadani mwenye ng'ombe mbovu ndiye mwenye maneno mengi. Nelson hajawahi kukosea mtamba. Alilizunguka kila friji kwa nyuma, akaweka sikio ubavuni kusikia linavyopumua, akafungua mlango na kuuachia kuona kama unajifunga wenyewe, akapapasa ule mpira wa mlangoni kama anavyopapasa ufizi wa ng'ombe. Lile jekundu linalong'aa alilikataa palepale, akasema ngozi nzuri ni ya kumtafutia mnunuzi. Kisha akakuuliza hili jeupe limezaliwa nchi gani, na ndugu zake waliotangulia wanaishi nyumba za nani. Wateja wako walicheka. Wewe hukucheka, nakushukuru, ulitutajia watu wa Sirari na wa Natta, tukawapigia, na wote wakasema tangu walinunue hawajawahi kumtafuta fundi. Nelson akagonga fimbo chini akasema ni hilohilo.

Sina ugomvi na Nelson kwamba alikosea. Ugomvi wangu ni kwamba alipatia.

Naomba sasa nipange malalamiko yangu kwa namba, ili ukinijibu usirukeruke.

1. Friji hili haliugui. Umeme ukikatika asubuhi na kurudi jioni, unafungua unakuta nyama bado ngumu kama jiwe. Ng'ombe wangu huugua. Mimi huugua. Pikipiki ya mchungaji wetu huugua kila Jumapili na tunaisukuma baada ya ibada. Kitu kinachougua watu hukionea huruma, wanakipumzisha. Kisichougua kabisa wanakitwisha mizigo yao yote, na hapo ndipo shida zangu zilipoanzia.

2. Maziwa hayachachi. Mimi nimekuzwa kwa mtindi wa kwenye kibuyu na tumbo langu halijui kitu kingine. Gati, mke wangu, kwa furaha ya kitu kipya, sasa anaweka maziwa yote humo. Leo yako hivyo, kesho yako hivyo, keshokutwa ukiyaonja utadhani ng'ombe bado amesimama hapo. Maziwa ambayo hayajui kwamba muda umepita si chakula cha mtu mzima. Nilimwomba Gati arudi kwenye kibuyu, akanijibu kwamba kibuyu ameshawekea mbegu za maboga.

3. Watu hawanisalimii. Zamani mtu akiingia kwangu alikuja hadi kwenye kiti changu, akatoa shikamoo, akaulizia ng'ombe, ndipo akasema kilichomleta. Siku hizi shikamoo ananipa akiwa anapita, macho yote kwenye mlango wa friji. Nikichinja, zamani nyama iliisha siku hiyohiyo, majirani wakaondoka wakinisifu. Sasa wanapokea mafungu yao, wanaandika majina juu ya mifuko, na kuyarudisha ndani ya friji langu. Kwaya ya kanisa nayo ililaza humo soda za harusi, na wakafunga mlango kwa kamba ili mimi mwenye friji nisiziguse. Nilikaa na kiu nyumbani kwangu nikitazama fundo la watu wa sauti ya nne.

4. Afisa mifugo wetu, kijana Steven, aliposikia sifa za friji hili alileta chanjo za ng'ombe wa kata nzima. Chanjo za mbwa nazo zipo, kando ya maini yangu. Akabandika tangazo mlangoni kwamba lisifunguliwe ovyo. Tangu hapo watu wananiulizia hali ya chanjo kabla ya kuniulizia hali yangu, na ng'ombe wa mtu akikohoa, mwenye ng'ombe ananitazama vibaya. Nilikwenda mjini kununua kitu cha kuwekea nyama, nimerudi kaimu afisa mifugo.

5. Hili la tano ndilo lililonifanya niandike. Naomba ulisome ukiwa umekaa.

Gati ana mama yake mzazi. Jina lake silitaji, na usidhani ni dharau. Wewe ni mtu wa kuja, umefuata riziki huku kama wengi waliofuata dhahabu, kwa hiyo nitakueleza. Huku kwetu mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa kutoonana. Hamkai chumba kimoja, hampeani mkono, hamli mkitazamana, na mkikaribia kukutana njiani kila mmoja anatafuta pa kupitia. Nimeishi naye hivyo tangu nilipotoa ng'ombe wa mahari hadi leo nina wajukuu, na hatujawahi kukosana. Ni vigumu sana kukosana na mtu usiyemwona.

Mama huyu ana ugonjwa wa sukari. Anakaa kwa mwanawe Joel, shemeji yangu, ng'ambo ya kijito. Zahanati walimpa dawa ya sindano, wakasema ikae kwenye baridi, na isitembezwe juani. Ikipata joto inaharibika, na yeye asipochomwa anaanguka. Mwaka jana alianguka kisimani, akabebwa bila kujitambua, na Gati alilia hadi sauti ikamkauka. Siku ile nilisema kwa mdomo wangu, bila kushurutishwa na mtu, dawa ije ikae kwenye friji langu. Hilo silijutii.

Kumbe dawa yenyewe ni ya asubuhi na jioni. Na kwa kuwa dawa haitembei, anayetembea ni mama. Macho yake hayaoni tena mistari ya bomba la sindano, kwa hiyo Gati ndiye anayempimia. Friji liko sebuleni kwa sababu soketi ni moja na iko sebuleni. Na sebuleni ndiko ninakoishi.

Akifika kwenye geti la ua anakohoa. Nikisikia kikohozi hicho natoka kwa mlango wa nyuma vilevile nilivyo. Nimewahi kutoka na tonge mkononi. Nimewahi kutoka na povu la sabuni upande mmoja wa uso, nikinyoa. Nakwenda kukaa nyuma ya zizi hadi achomwe, na akishachomwa lazima ale, na akishakula lazima aongee na binti yake, na hao wawili wakianza kuongea, ndugu yangu, hawana breki. Mvua zote za masika zimenipiga nikiwa nyuma ya zizi. Ng'ombe wamenizoea hata hawageuki.

Juzi nikabuni njia. Nikasema nitoke mapema kabla hajakohoa, nipitie shamba la mahindi. Naye, kwa heshima yake, alikuwa amesikia mlango wa nyuma ukilia, akaingia kwenye mahindi hayohayo ili anipishe. Tukawa humo wote wawili, kila mtu amechuchumaa kwenye mstari wake, kila mtu anamngoja mwenzake aondoke. Mimi nikisikia majani yanatikisika natulia zaidi, yeye akinisikia nimetulia anatulia zaidi. Hadi Gati akatoka nje kutuita kwa zamu, kama mtu anayeita kuku. Miguu yangu ilikufa ganzi. Niliona aibu, Ndugu Faustine, na nikaona hasira, na nilipotafuta wa kumkasirikia sikupata mwingine ila friji.

6. Nilimwendea Joel kwa upole, nikamwambia mama ni wako, nunua friji, mkeo Boke macho yake ni mazima, atampimia. Uwezo anao, anapeleka ndizi hadi Sirari. Akanijibu kwamba hawezi kuliacha friji lisilojua kuugua akaenda kununua jingine ambalo hajui tabia yake. Hayo maneno aliyasikia kwangu mwenyewe, siku nilipokuwa najisifia.

Kwa hiyo utaona mambo yanavyofuatana. Friji langu lingekuwa bovu kidogo tu, Joel angenunua la kwake. Dawa ingekaa kwake, mama angechomwa kwake, na mimi ningekunywa chai yangu hadi mwisho wa kikombe. Anayenitoa ndani ya nyumba yangu si mama mkwe. Ni uimara wa bidhaa yako.

7. Baada ya kufikiri kwa makini naomba yafuatayo. Umtume fundi mwenye sare na mkoba wa vyuma, siku ambayo Joel yupo. Fundi huyo aweke sikio ubavuni mwa friji, akae kimya kwa muda wa kuogopesha, kisha atikise kichwa. Halafu anikabidhi cheti chenye mhuri wa duka kwamba friji hili lina ugonjwa wa ndani usio na tiba, na halifai kukabidhiwa dawa ya mtu. Specioza anaweza kusaini kama shahidi, maana amenisikia nikilalamika.

Unaweza kuona kama nakuomba useme uongo. Hapana. Ni ukweli unaotangulizwa, kwa kuwa friji lolote litaharibika siku moja, na mimi naomba tu cheti kiwahi. Ukikataa, sitakwenda polisi wala sitakuchafulia jina. Nitasimama mnadani mbele ya watu wote na kutangaza jinsi friji zako zilivyo imara. Zitanunuliwa zote. Hapo utajua mwenyewe utawajibu nini wakwe wa wilaya nzima watakaokuja dukani kwako wakitoka nyuma ya mazizi.

Nisalimie Specioza na kicheko chake, na yule mlinzi aliyemshikia Nelson fimbo wakati anakagua. Nelson anakusalimu, anasema ukileta mzigo mpya umwite aukague. Gati angekusalimu pia, ila hajui kama ninaandika. Nawatakia biashara njema, isipokuwa ya friji imara.

Wako katika usumbufu,
Kisyeri Mwikwabe.

Nyongeza, kabla sijafunga bahasha:

Ndugu Faustine, barua hii niliiandika jana. Leo asubuhi Gati, Joel na Boke wamekwenda msibani Kenyamonta, warudi kabla ya jioni. Mchana umeme ulikatika, na uliporudi ulirudi kwa kishindo. Friji lilitoa mlio mmoja, likanyamaza. Nililiwekea sikio kama Nelson. Hakuna pumzi ndani. Nilidhani nitafurahi, lakini nikajikuta nimekaa sakafuni.

Mlango wake nimeufunga kwa kamba ili baridi iliyobaki itunze chanjo za Steven, na dawa ya mama, inayotolewa mara mbili kwa siku, nimeifunga kwa nailoni, nikaitumbukiza kwenye mtungi wa maji ulio kivulini, nikaufunika kwa gunia bichi. Kisha Gati akapiga simu, huko waliko mvua imejaza mto mkubwa, hawavuki leo. Akaniuliza nani atampimia mama. Nikamwuliza dawa hufika mstari gani.

Jioni mama alikohoa getini. Sikutoka. Nilimwambia kwa sauti kwamba niko peke yangu na kwamba aingie. Akakohoa tena, kisha akaingia akiwa ameutazama ukuta, na mimi nikiwa nimeutazama ukuta mwingine. Nilivaa miwani, nikapima dawa hadi kwenye mstari alionielekeza Gati kwenye simu, nikaliweka bomba juu ya kigoda na kurudi nyuma. Akajichoma mwenyewe. Nikamsogezea ugali kwa njia hiyohiyo ya kigoda. Alipomaliza kula aliuambia ukuta kwamba siku zote hizi amekuwa akila harakaharaka ili mimi nisilowe huko nje, ila binti yake ndiye mwenye maneno mengi. Nami nikauambia ukuta wangu kwamba hapana mama, kula taratibu. Kama wazee watasema tumevunja heshima, mbuzi wao wa faini yupo, waje wamchukue.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu yafute. Huruma wa bodaboda ndiye anayekuletea barua hii alfajiri, naomba arudi akiwa amembeba yule fundi niliyemwomba, fundi wa kweli, na vyuma vyote. Mtungi unavumilia, lakini si sana. Likishindikana kutibiwa, nipe jingine la tumbo lilelile, jeupe vilevile, nitafanya kila unalosema.

Cheti usikiandike. Na fundi akiulizwa na Joel amekuja kufanya nini, aseme amekuja kunisalimia tu. Joel akijua liliumwa atanunua la kwake, na mama hatakuwa na sababu ya kuja hapa tena.