Uzi wa Tokyo Hadi Bweri

Jumatatu, 9 Juni 2025
Leo nimemweza Baltazari! Huyu jirani, mwalimu mstaafu, huwaga anajifanya anajua kila kitu. Mpwa wangu Dafroza anasoma Tokyo, Jumamosi anapanda ndege kwenda mkutanoni Los Angeles. Baltazari eti masaa kumi tu, kilomita kama elfu tisa. Nilicheka mpaka nikakohoa. Ramani yangu ya ukutani, niliyonunua mnadani Bunda, inaonyesha wazi: Tokyo mwisho huku, Los Angeles mwisho kule. Nikapima kwa uzi. Kilomita elfu ishirini na tatu! Masaa ishirini na sita! Akasema dunia ni duara, ndege inazungukia upande wa pili. Upande wa pili wa ramani yangu kuna ukuta na mjusi.
Tumewekeana dau. Beberu kwa beberu.

Jumanne, 10 Juni
Matrida kajua. Mke wangu ana masikio! Kanikumbusha beberu ni wa komunyo ya kwanza ya binti yetu Happyness, Jumapili, na wakwe wanakuja toka Butiama. Akauliza watakula uzi? Nikamwambia atulie, tutakuwa na mabeberu wawili. Chai sijapewa.

Alhamisi, 12 Juni
Nimepima tena. Uzi unapita Afrika! Nimeulegeza kidogo tu, ukashuka mpaka hapa kwetu Bweri. Kumbe Dafroza atapita juu ya bati langu, Jumamosi kama saa kumi na moja jioni! Nimetangaza mtaa mzima. Baltazari kanicheka mbele za watu. Atajuta.

Jumamosi, 14 Juni
Dafroza kaondoka saa kumi na mbili asubuhi kwa saa zetu. Jioni watu arobaini uani kwangu, khanga mikononi, shingo juu. Akapita korongo. Tukampungia. Mara simu: Dafroza kashatua Los Angeles. Baltazari akaangalia saa, akaenda kufungua kamba ya beberu wangu.
Subiri! Nikamuuliza Dafroza huko ni saa ngapi. Kajibu saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi. Ileile! Kaondoka kumi na mbili, kafika kumi na mbili. Safari haikuchukua hata dakika! Basi wote tumekosa, dau limekufa. Nikamfuata nikipiga kelele mpaka kwenye kona. Aliyegeuka ni beberu peke yake. Roho iliniuma.

Jumapili, 15 Juni
Happyness kapendeza, nikatoa machozi. Mezani dagaa. Mama mkwe kafunua hotpoti, kafunika tena. Aibu gani hii! Ndipo Baltazari akaingia na sufuria mbili za nyama, eti yeye ndiye msimamizi wa mtoto kanisani, hawezi kuja mikono mitupu. Beberu wangu huyo! Vigelegele. Mama mkwe kamwita Baltazari ‘mwanangu’. Mimi miaka kumi na minne hajaniita hivyo hata kwa bahati mbaya. Nilikula sahani tatu bila kumwangalia mtu.
Ijumaa Dafroza anarudi Tokyo. Baltazari anadai atafika kesho yake. Safari ya dakika sifuri, ilale njiani? Nimeweka jogoo. Ni wa Matrida, nitamwambia nikishashinda.