Bonus ya Musafiri Iko Kwenye Mikono Salama

Baheshimiwa bakubwa ba Leta, ni kusema serikali yetu, bale bamefika, na bale bametuma viti vyao tu. Baheshimiwa mapadri, bachungaji na maimamu. Bamama bauzishaji ba samaki ya Kyavinyonge. Bashofere bapendwa ba Butembo, ba Beni na ba Oicha. Na wewe pia mwenye kulala kule nyuma: mimi, Jean-de-Dieu, Coordonnateur Général na wa Kudumu wa Proje ya Kutunza Bonus, nasimama mbele yenu na furaha yenye mikrofoni hii haiwezi kubeba. (Mikrofoni inazimika. Batu banapiga makofi.)

Sitakuwa murefu. (Batu banakaa chini.)

Donc, bonus ni nini? Kila mwaka wenye kupita bila kuomba asiransi, ile bima ya motokari, ilipe ajali, kampuni inakupunguzia bei, na bei ile inaendelea kushuka kama barabara ya kutoka milimani. Mais, kulikuwa na tatizo kubwa ya structure: shofere wetu anaendesha motokari ya patron, ule tajiri mwenye kumupa kazi, asiransi iko kwa jina ya patron, na yeye anabaki na mafuta kwenye mikono tu. Njo pale tuliingia, kwa approche participative, intégrée na durable, ili mutu mwenye hana asiransi yake aweke bonus yake pa salama, kama vile kule Masereka banaweka mbegu ya viazi.

Na matokeo? Asilimia mia moja ya ajali zenu za mwaka huu hazikufika kwenye asiransi! (Sauti: «Juu tunazimaliza na mbuzi!») Njo ile, papa! Njo méthodologie yetu! Mutu anagonga, banashuka, banatukanana kidogo, mbuzi inatoka, barabara inafunguka, na bonus ya patron inabaki safi kama shuka ya bibi-arusi. (Sauti: «Tulikuwa tunafanya vile mbele hujazaliwa!») Ni kweli, sisi tulikuja kufanya suivi, ni kusema kufuatilia.

Tuangalie mufano hai. Musafiri, simama! (Musafiri amesimama tangu asubuhi.) Munamujua: aliendesha kamyo ya Mama Kavugho miaka mingi, na siku alivunja taa ya mutu, hakumusumbua patron wala asiransi, alitoa mbuzi yake mwenyewe. (Faida, bibi yake: «Ile ya Idi! Siku ya Idi tulikula sombe, majani ya muhogo tu!») Sombe iko na vitamini, mama.

Baadaye Mama Kavugho akauzisha kamyo, akarudilia shamba yake. Mwanamuke wa heshima: alienda kwenye kampuni akasema, «Miaka ile ya bonus si yangu, ni ya Musafiri, muandike kwa jina yake.» Kampuni ikakubali, na sharti moja tu: hata kama hana motokari, hata kama hana asiransi yake, Musafiri afike mbele ya miaka mbili kupita, aseme bado anaitaka. Kufika tu, na kusema! Kazi ndogo vile, je, Leta inaweza kumwachia raia peke yake? Hapana! Nilimwita, nikamukalisha, nikamwambia: «Papa, hapana haraka. Hapana kusogea. Proje itaenda kwa nafasi yako.» Na Musafiri, raia wa mufano, hakusogea. (Makofi kidogo, kutoka kiti ya mbele.)

Leo yeye na Faida bamepata motokari yao ya kubebea samaki. Juzi alienda kwenye kampuni, bakamwambia miaka mbili imepita, bonus imekufa, alipe bei ya mutu mwenye ameanza kushika usukani jana. Nachukua nafasi hii kumupongeza: na mvi zote zile, Leta imemufanya kijana! (Faida: «Mukubwa, motokari imesimama tu, kuku njo zinataga ndani! Ile bei hatuiwezi, tutaiuzisha na tutarudi kubeba samaki kwenye kichwa!») Mayai ndani ya motokari, mama, ni sécurité alimentaire. Ni volet, yaani sehemu, ya tatu ya proje.

(Musafiri anainua mukono: «Mukubwa, mimi siko na maneno mingi. Twende wote kwenye kampuni, sasa hivi. Useme tu ni wewe ulinizuia. Mwenye kukaa pale alisema, kama mwenye proje anakuja kushuhudia, batanirudishia.»)

Swali nzuri sana! Swali yenye imekomaa! Nitaunda commission. (Musafiri: «Kampuni iko pale, mukubwa. Unaiona kutoka hapo unasimama.») Naiona, na naisalimia.

Tupaaze sauti! Bonus? (Oye!) Asiransi? (Oye!) Coordonnateur? (Batu banaangalia viatu vyao.)

Namaliza na shukrani. Asante kwa bafadhili betu, bale siku moja tutabaandikia. Asante kwa bafanyakazi ba proje, yaani mimi. Asante kwa mwenye nyumba ya biro yetu, mwenye sijakutana naye bado. Na asante kubwa kwa Musafiri, juu tukisema ukweli, bonus yake njo ilikuwa kitu moja tu chenye proje hii ilikuwa nacho. Mais kufika na wewe kule kwenye kampuni, papa, hapana: bataniuliza «proje gani?», na hapo nitajibu nini?